Kijito cha nyuma ya ploti yetu kinaishia Malindi

Nduma_na_Tope (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Uzi ni mrefu kidogo, anayekimbilia matatu asome jioni.

Nyuma ya ploti yetu hapa Kawangware kuna kijito. Wapangaji wapya hukiita mtaro. Kiangazi unakivuka kwa mruko mmoja, masika hakivukiki. Mwaka 2021 kazi za mjengo zilikuwa zimekauka, nikaazima jembe nikapanda nduma ukingoni. Siwadanganyi kwamba nilikuwa na uchungu wa mazingira, nilikuwa na njaa. Nduma zikashika vizuri. Mvua za vuli zikanyesha usiku kucha, asubuhi nikakuta nduma hazipo na shamba lenyewe halipo. Ukingo wote, mita mbili kwenda ndani, umeondoka. Choo cha jirani kilikuwa kimening'inia nusu hewani, mlango unatazama mtoni.

Swali likanikaa kichwani: ule udongo umekwenda wapi? Nikaanza kufuata maji, kwa mguu siku za Jumapili na kwa ramani kwingine. Kijito chetu kinaingia Mto Nairobi, ule unaotoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu. Unapita Chiromo, unapita bustani ya Michuki, Gikomba, Korogocho, Dandora, Ruai. Mimi nilidhani unafia Gikomba, vile unavyopita pale mweusi. Kumbe safari ndiyo kwanza inaanza. Unaingia Athi, unaruka Fourteen Falls, unazunguka Ol Donyo Sabuk, unakata Ukambani na Tsavo Mashariki. Ukikutana na Mto Tsavo unaitwa Galana. Ukikaribia pwani unaitwa Sabaki, na unamwaga baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Mto mmoja, majina manne, na juu yake kabisa ni sisi na choo cha jirani.

Sasa kazi. Tulianza vibaya. Kila Jumamosi tuliokota taka, watu 12, glavu za kuazima, picha nyingi. Jumatatu taka zimerudi. Miezi minane hivyo hivyo. Sisemi taka zisiokotwe, lakini tulikuwa tunafagia sebule na ukuta wa nyumba unaanguka.

Ukingo ulikuwa umesimama wima. Maji yanakula chini, juu panabaki panaelea, pakichoka panaporomoka. Ukipanda mti juu ya ukingo kama huo umeuongezea mzigo tu. Kwa hiyo tukauchonga ulale: kila mita moja ya kwenda juu tukarudi nyuma mita mbili. Majirani wakasema tunaiba ardhi, maana ploti ilipungua kwa macho. Chini kabisa, pale maji yanapogonga, tukapanga mawe na magunia ya udongo. Katikati tukachomeka vigingi vya mugumo, ule mti mtakatifu wa Wagikuyu, matawi mabichi ya unene wa mkono, mita moja na nusu, nusu ardhini nusu juu. Tawi la mugumo ukilichomeka penye unyevu linatoa mizizi lenyewe. Na lina kinga ambayo bwana misitu hakututajia: huku kwetu ni nani atathubutu kukata mugumo achemshie chai? Juu ya vigingi tukapanda nepia na mchaichai.

Vigingi 40, vikashika 23. Mbuzi walikula vichache. Vingine tulichomeka kichwa chini miguu juu, msicheke. Mianzi tuliyopewa bure tuliipanda Januari tukitegemea umande. Ikafa yote. Tukapanda mingine Machi 2024, na mnakumbuka Aprili ile ilivyokuwa. Mita 15 za mianzi, wiki tano tu ardhini, zikaenda na maji. Mita 45 za mugumo zilibaki. Zililala, zikajaa mifuko na nguo za watu, lakini zilibaki. Nilisimama pale asubuhi nikahesabu kigingi kimoja kimoja kama mtu anayehesabu kuku.

Jambo la mwisho. Tukichonga ukingo tulikuta paipu ya inchi 4 imefukiwa chini ya nyasi, inatema choo moja kwa moja mtoni. Ni ya jengo la ghorofa tano, mwenyewe simtaji. Tulienda kumwona mara tatu. Mara ya nne keateka, mwangalizi wa jengo, akatufungulia mbwa.

Ninachosema ni kimoja. Kila mtu anazungumzia Mto Nairobi pale mjini kamera zinapofika. Mimi naona mto unaponea au kufia kwenye vijito hivi visivyo na jina, huku juu. Anayepinga apinge.

Jicho_la_Jiji

Nimefika hadi mbwa nikacheka kwenye matatu, watu wananiangalia. Endelea bro.

SabakiHalisi

Kaka Nduma, salamu kutoka Mambrui. Huo udongo unaouulizia mimi naukanyaga kila siku, usihangaike kuutafuta.

Nimezaliwa ng'ambo ya daraja la Sabaki. Baba alikuwa mvuvi, mimi ni mvuvi nusu na bodaboda nusu. Mto ukifurika bahari inageuka chai ya maziwa hadi mbali. Lakini watu wa bara hamjui kwamba tope lina msimu wake. Masika inakuja na upepo wa kusi, mkondo unapeleka tope juu, upande wa Ngomeni, na watu wa Malindi mjini wanaoga maji safi wala hawana habari. Vuli ikimwaga huko kwenu, huku kaskazi ndiyo inaingia. Mkondo unageuka, na lote linateremka Malindi hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari, ile iliyowekwa 1968. Matumbawe yanaishi kwa mwanga wa jua. Likikaa tope juu yake siku nyingi yanakosa pumzi, na samaki wa miamba wanahama.

Ufuo nao umesogea. Wazee wanakuonyesha majumba yaliyojengwa maji yakiwa karibu na ngazi, leo unatembea mchangani na jua lako hadi uifikie bahari.

Nisiseme uongo lakini, si kila tope ni balaa. Hilo hilo ndilo linalojenga vile vikingo vya mlangoni mwa mto ambako mikoko inashika, viboko wanalala, heroe wanashuka. Mto ukija mtupu kabisa mikoko itakosa pa kusimama. Sisi tunalia na kipimo.

Na maji ya bomba ya Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa yanatoka Baricho, visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa Sabaki. Mwenye paipu ya inchi 4 aambiwe hilo.

Mwl_Mstaafu

Nimefundisha jiografia miaka mingi na sikuwahi kupata mwanafunzi aliyeufuata mto kwa mguu. Hongera, mwanangu. Ila nikusahihishe mahali pamoja.

Usijitwike tope lote la Sabaki. Bonde la mto huu ni takribani kilomita za mraba 70,000. Kaunti ya Nairobi ni 696. Tope jingi linatoka nchi kavu ya katikati, ambako ng'ombe wamekula majani hadi mzizi na mvua inakuja kwa fujo siku chache kwa mwaka. Mchango wetu mkubwa sisi watu wa jiji ni majitaka, plastiki na uchafu wa viwandani. Kwa hiyo paipu yako ya inchi 4 ina uzito kuliko unavyodhani, na ukingo wako una uzito mdogo kuliko unavyodhani. Usikasirike.

Kuhusu historia ya tope lenyewe, iko baharini imeandikwa. Watafiti walitoboa tumbawe kubwa pale Malindi lenye kumbukumbu ya miaka kama 300. Tumbawe hujijenga tabaka juu ya tabaka, na udongo wa mto unapofika baharini huacha alama ya bariamu, aina ya metali iliyomo udongoni, kwenye tabaka la wakati ule. Matokeo yalichapishwa 2007. Tabaka za zamani zimetulia. Halafu mwanzoni mwa karne ya ishirini bariamu inaanza kupanda. Ni miaka ile ile ardhi ya juu ilipofyekwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi, na Wakamba na wengine wakabanwa kwenye maeneo yao pamoja na mifugo. Reli ilifika hapa Nairobi 1899. Tumbawe halikusoma kitabu chochote cha historia, na bado tarehe zake zinakaribiana na zetu.

Na jambo moja la kuchekesha, kama ni la kuchekesha. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa jijini hatuyatoi bonde hili. Yanatoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, ambayo ni bonde la Tana. Tunakunywa Tana, tunakojoa Athi. Samahani kwa lugha.

Nduma_na_Tope

Sijakasirika Mwalimu. Nimekasirika kidogo. Nimekaa na maneno yako usiku mzima na nadhani uko sawa kuhusu paipu.

Tipa_la_Mlolongo

Mimi ni mtu wa Machakos na nilikuwa broka wa mchanga miaka sita, kwa hiyo acheni niongee kabla mtu hajaniongelea.

Ghorofa zenu zote hizo, Kileleshwa, Kilimani, Ruaka, mnadhani mchanga unatoka wapi? Unatoka mito yetu ya msimu, Machakos, Makueni, Kajiado. Tipa, malori ya kubebea mchanga, zinaingia usiku, vijana wanapakia kwa sepeto, alfajiri zimeshapanda barabara kuu ya Mombasa. Mchanga ukiisha kwenye mto wa msimu, umemaliza tangi. Mto wa kwetu maji yake hayaonekani, yamelala ndani ya mchanga, na mama anachimba kwa kibuyu anachota. Ukitoa mchanga unabaki mwamba. Mvua ikija maji yanakimbia juu ya mwamba moja kwa moja, yanakula kingo zote mbili, na ndiyo hayo ya SabakiHalisi. Mimi mwenyewe mto wa kijijini kwetu niliusaidia kumaliza. Mamangu sasa ananunua maji kwa mtungi kutoka kwa mtu wa punda. Makueni walitunga sheria yao ya mchanga 2015. Kwingine ni sheria ya nani ana tipa.

Sasa dawa ipo, na si ya kizungu. Mnajua matuta ya fanya juu? Unachimba mtaro ukifuata usawa wa kilima, udongo unautupa upande wa juu, ndipo jina. Unapanda nyasi kwenye ule mgongo. Kila mvua udongo unaoteremka unazuiliwa pale, na baada ya miaka shamba lililokuwa mteremko linakuwa ngazi. Wazee wetu na akina mama wa mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, walichimba vilima vizima namna hiyo, leo kwako kesho kwangu, huku wakiimba. Watu walisema Machakos imekwisha, inageuka jangwa. Haikugeuka.

Na mtoni ni bwawa la mchanga. Unajenga ukuta wa zege kutoka ukingo hadi ukingo juu ya mwamba. Mafuriko mawili matatu yanaujazia mchanga kwa nyuma, maji yanakaa ndani ya mchanga jua lisiyafikie, mbu wasizaliane. Ukuta ukijengwa vibaya maji yanazunguka kando na unabaki na mnara wa ukumbusho katikati ya mto. Nimeona mitatu ya hivyo.

ShambaLaJuu

Mimi niko juu zaidi yenu nyote, karibu na Ondiri. Kila mtu akizungumzia mto anaanza kutuonyesha sisi kidole kuhusu mikaratusi. Mti huu ndio uliolipa karo ya watoto wangu. Nguzo moja ya stima ni pesa. Huo mugumo wenu mtaniuzia nani?

Nduma_na_Tope

Mzee wangu, hakuna anayekuambia ung'oe shamba lote. Lakini Gikuyu wenyewe wanauita mti huo munyua-mai, mnywa maji. Hilo jina hawakulitoa watu wa mazingira. Uweke juu kwenye mgongo wa shamba, uuondoe kinamasini na kwenye chemchemi.

ShambaLaJuu

Yangu iko mita kama kumi kutoka kwenye unyevu. Aliyoipanda baba yangu iko ndani kabisa. Ilikuwa kinamasi kile ukirukaruka kinatikisika kama godoro, watoto tulikuwa tunacheza hivyo juu ya matete. Sasa pembeni pamekauka, unalima mboga. Wenzetu wengine walipanda mianzi kuzunguka na naona maji yamerudi kidogo upande ule. Sisemi nimekubali. Nasema ile ya baba imeshakomaa, nitaikata mwaka huu, na sitaachia machipukizi. Mianzi nani anatoa?

Jicho_la_Jiji

Mnaona basi, inawezekana! Angalieni msitu wa Karura. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale 1999 wakizuia wanyakuzi, leo Mto Ruiruaka unapita ndani ya msitu, watu wanapiga picha za harusi kwenye maporomoko. Weka uzio, toa watu mita 30 kutoka mtoni, panda miti, kwisha.

MtuWaMathare

Kwisha kwa nani, Jicho?

Karura ina uzio wa stima na kiingilio. Mimi niko upande wa pili wa barabara, mto wetu ni mwingine, unaitwa Mathare, nao ukitoka kwenye kijani unaingia kwetu. Aprili 2024 maji yaliingia saa saba usiku, nilitoka na mtoto mgongoni na gesi mkononi. Sijui kwa nini nilibeba gesi. Kabla matope hayajakauka tingatinga zikafika. Amri ilikuwa mita 30. Nyumba ya chumba kimoja, shilingi 3,500 kwa mwezi, ikabomolewa na kitanda ndani. Tuliambiwa kila familia itapewa 10,000 ya kuhamia kwingine. Piga hesabu ya kodi na diposti Nairobi uniambie 10,000 inakufikisha wapi.

Na hizo mita 30 mnazisema kama zimeandikwa kwenye Biblia. Kanuni inasema upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala usizidi mita 30. Kijito cha Nduma cha hatua nne hakidai 30. Kwetu hakuna aliyekuja na tepu. Na upande wa juu wa mto huo huo kuna majengo ambayo ukuta wake unaogea mtoni, yako hadi leo, maua yamepandwa.

Mimi sipingi mto upewe nafasi yake. Ulishaichukua wenyewe, niliona kwa macho. Napinga kwamba wa kuondoka ni mimi halafu pale nilipokuwa pageuke pa kupigia picha za harusi.

Jicho_la_Jiji

Nimekosea kuongea kama hivyo. Pole sana.

SabakiHalisi

Pole dada. Huku nako kila mto ukifurika wanaopoteza mashamba ya ukingoni ni watu wa mahindi na mchicha. Mwenye hoteli anapoteza mandhari.

Nduma_na_Tope

MtuWaMathare, umenifikirisha na sina jibu zuri. Sisi ile mita mbili tuliyorudi nyuma haikubomoa nyumba ya mtu, ni ile choo tu, na tulikijenga upya upande wa juu kabla ya kuanza kuchonga. Wazo lilikuwa la mke wa jirani. Alituambia bila choo hakuna atakayeshika jembe, na alikuwa na haki. Naona tulipita kwa bahati. Kama ukingo ungekuwa na vyumba kumi vya wapangaji sijui ningeandika uzi wa namna gani.

Lakini nimejifunza hapa kwamba watu wale wale wa ukingoni ndio waliolinda vigingi visiibwe. Ukiwaondoa, nani atafukuza mbuzi?

Mwl_Mstaafu

Hilo liandike kwa herufi kubwa.

MtuWaMathare

Sisi tumebaki wachache na tumeanza na majani tu, nepia, upande usio na mawe. Tungetaka huo mugumo. Unauchomeka mwezi gani?

Nduma_na_Tope

Mvua zikishaanza na udongo ukilowa hadi kina cha kiwiko, si kabla. Kata matawi asubuhi, yaweke kivulini kwenye ndoo ya maji, yachomeke siku hiyo hiyo. Chonga ncha ya chini tu, usiguse ya juu, ndiyo utajua miguu iko wapi. Acha mkono mmoja kati ya kigingi na kigingi, na usianze ukingoni kwenye maji ya mwendo wa kasi. Anza pale maji yanapopunguza mbio, kwenye kona ya ndani, vishike kwanza. Mwaka wa kwanza vifunge miiba.

Tipa_la_Mlolongo

Na usipande mstari mmoja mzuri kama askari. Maji yanapenda mstari. Pishanisha.

Jicho_la_Jiji

Na paipu?

Nduma_na_Tope

Paipu bado inatema. Tumeandika barua, safari hii tumeweka picha na sahihi za wapangaji 31, wakiwemo 9 wa jengo lenyewe, ambao hawakujua choo chao kinaenda wapi. Walidhani kuna tangi. Nakala imeenda kwa chifu. Keateka sasa ananisalimia.

SabakiHalisi

Leo nimepita darajani jioni. Maji yamepanda na rangi imeanza kubadilika, mekundu ya huko juu. Mmenyeshewa?

Nduma_na_Tope

Tangu Jumatano, kaka. Vigingi vimesimama, nimetoka kuviangalia sasa hivi na tochi ya simu.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunakata matawi ya mugumo. MtuWaMathare, mzigo wenu ni vigingi 25, njooni na magunia mabichi ya kufungia. Mzee ShambaLaJuu, ukija na pikapu tutakupakilia vyako, na mianzi nimepata mtu, nitakutumia ujumbe. Panga mlete wenyewe, letu moja lina mpini wa kamba.